Nyanda Nne Juu ya Ardhi

Gari la Yudhishthira lilikuwa haligusi ardhi. Masimulizi ya Mahabharata yasema kwamba magurudumu yake yalikwenda juu ya mchanga kwa kadiri ya nyanda nne, yaani upana wa vidole vinne vya mkono vilivyobanwa pamoja, na sababu ya kunyanyuka huko haikuwa ufundi wa seremala wala mbio za farasi, bali ni kwamba mpandaji wake, tangu alipojua kusema, hakupata kusema uwongo. Kisha, siku ya 15 ya vita vya Kurukshetra, katikati ya vumbi na vilio na milio ya baragumu, gari lile likashuka, na magurudumu yake yakakanyaga udongo kama yalivyoukanyaga magurudumu ya watu wengine wote. Nimekirudia kisa hiki miaka mingi, na kila mara jicho langu huishia pale pale, katika nafasi ile ndogo iliyokuwako baina ya gurudumu na ardhi, kisha haikuwako tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Drona, mwalimu aliyewafundisha upinde wana wa pande zote mbili za vita, alikuwa ameushika ujemadari wa jeshi la Wakaurava tangu siku ya 11, baada ya mzee Bhishma kuangushwa, naye alikuwa akilifyeka jeshi la Wapandava, yaani la Yudhishthira na ndugu zake, waliokuwa wanafunzi wake mwenyewe, hata ikadhihirika kwamba madhali silaha i mkononi mwake hakuna wa kumweza. Hapo Krishna, aliyekuwa akiliendesha gari la Arjuna, mmoja wa ndugu hao, akatoa shauri: mzee huyu hataiweka silaha chini ila akisikia kwamba mwanawe, Ashwatthama, amekufa. Bhima, ndugu mwenye nguvu nyingi na haya chache, akaenda akamwua ndovu aliyekuwa na jina hilo hilo la Ashwatthama, akarudi akapiga ukelele mbele ya mwalimu wake kwamba Ashwatthama ameuawa. Drona hakumsadiki, kwa kuwa alimjua Bhima tangu utotoni. Akamgeukia Yudhishthira, akiamini kwamba huyu hangesema uwongo hata angepewa enzi ya mbingu na ardhi na kuzimu, akamwuliza. Yudhishthira akajibu kwa sauti ya kusikika kwamba Ashwatthama amekufa, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, isiyomfikia mzee sikioni, neno moja tu: ndovu.

Ukiyatia maneno yale katika mizani ya lugha, hakusema uwongo. Ndovu alikuwa amekufa kweli, na jina lake lilikuwa hilo, na neno la kubainisha lilitamkwa. Wakili hodari angeweza kusimama mbele ya kadhi akamtetea tangu asubuhi hata adhuhuri. Wako wasimulizi wasemao kwamba Krishna alipuliza baragumu lake saa ile ile ili neno la mwisho lizame katika mlio, lakini mimi naipenda zaidi riwaya ambayo haina baragumu, kwa sababu haimpi Yudhishthira mtu wa kumtwika: ni yeye aliyeishusha sauti yake mwenyewe, akijua ni kwa nini anaishusha. Drona akazitupa silaha, akaketi ndani ya gari lake akiwa ametulia kama mtu aliyezama katika ibada, na Dhrishtadyumna wa jeshi la Wapandava akaja akamkata kichwa.

Vitabu vya ngano wapewavyo watoto wetu, na za Bara Hindi ni nyingi miongoni mwazo, vina ada moja nisiyoipenda, nayo ni kutia chini ya kila hadithi mstari wa mafunzo, kama muuza dawa abandikavyo karatasi juu ya chupa. Chini ya hadithi ya Drona wataandika: usiseme uwongo. Ni neno jema, wala sina ugomvi nalo. Ila ni dogo kuliko hadithi, na mtoto mwenye akili atauliza mbona Krishna, ambaye Wahindu wamwitakidi kuwa ni Vishnu aliyeshuka duniani, ndiye aliyelitoa shauri lenyewe. Naona mimi kwamba wasimulizi wale wa kale hawakuwa wakiipima kauli peke yake. Walikuwa na swali jingine, nao waliliuliza kwa subira, hadithi baada ya hadithi, aghalabu bila ya kulitamka: neno hili lililosemwa, liwe la kweli ama la uwongo, gharama yake imemwangukia nani?

Hebu tuihesabu gharama ya neno lile la ndovu. Alilipa kwanza Drona, kwa shingo yake. Walakini Ashwatthama mwana, ambaye uhai wake ndio uliofichwa, alikuwa hai, naye vita vilipokwisha aliingia usiku katika kambi ya washindi waliolala, akawachinja vitandani, na miongoni mwa waliochinjwa walikuwamo wana watano wa Draupadi, mke wa Wapandava, ambao hawakuwapo aliposhauri Krishna wala hawakumdanganya mtu. Ama Yudhishthira mwenyewe, deni lake lilingoja. Mahabharata, utenzi ambao kwa hesabu ya mapokeo una beti 100,000, umegawanywa katika vitabu 18. Kosa limo katika kitabu cha 7, na malipo yamo katika cha 18. Yudhishthira afika peponi, amkuta adui yake Duryodhana ameketi juu ya kiti cha utukufu, auliza ndugu zake wako wapi, na mjumbe ampeleka kwa njia yenye giza na uvundo na nywele za maiti, mpaka asikia katika kiza sauti za ndugu zake na za Draupadi zikimsihi asiondoke, kwa kuwa upepo wa mwili wake wawapunguzia adhabu. Akataka kukaa nao huko huko. Ndipo mungu Indra alipomjia akamfahamisha kwamba yote ilikuwa maonyesho tu ya kitambo kidogo, na ya kuwa alimhadaa Drona kwa hila, basi naye ameonyeshwa moto kwa hila. Sijui hukumu nyingine iliyopimwa kwa insafu kama hii, isipokuwa kwamba wana watano wa Draupadi hawatajwi ndani yake.

Ikiwa basi ubaya ni uwongo, na dawa ni kusema kweli daima, mbona siku mbili tu baada ya kufa kwa Drona Krishna huyo huyo anakisimulia kisa cha Kaushika? Mahali pa kusimuliwa kwake panastahili kutazamwa karibu. Arjuna alikuwa ameweka nadhiri ya siri kwamba mtu yeyote atakayemwambia ampe mwingine upinde wake, Gandiva, atamwua. Siku ya 17 ya vita Yudhishthira, akiwa amejeruhiwa, ana hasira na uchungu, akamwambia ndugu yake neno lile lile. Arjuna akauchomoa upanga. Krishna akamwuliza amwua nani, na adui hayuko hapa. Arjuna akajibu kwamba amwua mkubwa wake, kwa kuwa asipomwua atakuwa mwongo wa nadhiri. Hapo ndipo alipoambiwa habari za Kaushika.

Kaushika alikuwa Mbrahmini, mtu wa ibada asiye na elimu nyingi, akikaa nje ya kijiji penye makutano ya mito, naye alikuwa amejifungia yamini ya kusema kweli maisha yake yote, hata akajulikana kila mahali kwa hilo. Siku moja watu wakaja mbio wakiwakimbia wanyang'anyi, wakaingia mwituni karibu naye. Wanyang'anyi wakafika, wakamwomba kwa ile kweli yake awaambie watu wale wameshika njia gani. Akawaambia. Akawaonyesha na miti. Watu wakakamatwa wakauawa, na Kaushika, siku yake ilipofika, akaenda motoni, akiwa hajapata kusema neno moja la uwongo.

Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant, katika mji wa Königsberg, aliandika makala mafupi ya kuthibitisha kwamba hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako aliyejificha ndani, huna ruhusa ya kumdanganya. Kant angempeleka Kaushika peponi moja kwa moja. Sisi tuliopita vyuoni tulifundishwa kwamba apatanishaye baina ya watu kwa kuongeza neno jema hahesabiwi kuwa mwongo, na pengine ndiyo sababu hukumu ya Krishna haitushangazi sana. Lakini hata hapo tukumbuke kwamba Krishna hakusema kuwa kweli ni kitu chepesi. Alisema kwamba ni jambo gumu kulijua, na kwamba Kaushika alikosa kwa kutojua. Mimi ningethubutu kuongeza kwamba Kaushika hakuwa mkarimu kama alivyojidhani. Aliitunza kweli yake isipate doa, na sabuni aliyoifulia ilikuwa damu ya watu waliokuwa mwituni. Yeye mwenyewe haikumgharimu hata usingizi.

Na Arjuna je, na nadhiri yake? Wasimulizi wale hawakumwacha akiwa ameuinua upanga. Krishna akampa njia: mkubwa aliyezoea kuheshimiwa, akidharauliwa kwa maneno, amekwisha kuuawa ingawa anaishi, basi aseme naye kwa "wewe" tupu, neno wasemeshwalo watoto, na nadhiri itakuwa imetimia. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa ukali wa adhabu hii, maana ajua mwenyewe umbali ulioko baina ya kumwambia mzee "wewe, hebu njoo" na kumwambia "bwana, tafadhali." Arjuna akamsema ndugu yake mkubwa kwa maneno mazito, kisha, alipomaliza, akauchomoa upanga mara ya pili, safari hii ajiue mwenyewe kwa aibu ya aliyoyanena. Na Krishna, ambaye subira yake siku hiyo ni ya kustaajabisha, akamfunza kwamba mtu ajisifuye mwenyewe ni sawa na aliyejiua; basi Arjuna akasimama akajisifu, nadhani kwa raha kubwa zaidi kuliko ilivyompasa, na vita vikaendelea. Wako wauonao mlango huu kuwa ni hila za maneno, sawa na hila ya ndovu. Mimi naona tofauti moja. Neno lililosemwa chini lilimfanya mwingine alipe asichokijua. Matusi ya Arjuna yalilipwa pale pale, mbele ya watu, na wawili waliohusika, mmoja kwa kufedheheshwa na mwingine kwa kufedheheka.

Uwongo ulio safi kabisa katika hazina ile ya ngano ni ule wa kima, nao watu wa pwani wanaujua bila ya kuambiwa kwamba ni wa Bara Hindi. Katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti kilicho na milango mitano, kima akaa juu ya mzambarau kando ya maji, amtupia mamba zambarau kila siku, wawe marafiki; mke wa mamba aona kwamba alaye matunda matamu hivyo hakosi moyo wake umekuwa mtamu zaidi, autaka moyo huo; mamba ambeba rafiki yake mgongoni, na katikati ya maji ampasulia jambo. Kima ajibu kwa utulivu kwamba ni hasara kubwa kutoambiwa mapema, kwani moyo wake ameuacha mtini. Wakarudi kuuchukua. Alipokwisha kupanda hakushuka tena.

Hikaya hii ilisafiri. Tabibu Burzoy aliihamisha pamoja na nyenziwe hata lugha ya Uajemi katika zama za Kisra Anushirwani, karne ya 6; Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu katikati ya karne ya 8, kitabu kikaitwa Kalila wa Dimna, na mamba akageuka kobe, na mzambarau ukageuka mtini. Edward Steere alipoyachapa masimulizi aliyoyapata kwa watu wa Unguja, mwaka 1870, humo mlikuwamo kima yuko juu ya mkuyu, na rafiki yake ni papa, na mwenye kuutaka moyo si mke mwenye tamaa tena bali ni sultani wa papa aliye mgonjwa. Naupenda mkuyu ule, ambao nusu ya matawi yake iko juu ya nchi na nusu juu ya bahari, kama kwamba mti wenyewe haujakata shauri ni raia wa wapi. Katika safari hiyo yote, kwa lugha zote hizo, hapana msimulizi hata mmoja aliyemlaumu kima kwa uwongo wake, wala aliyemtaka ashushe gari lake. Na sababu iko wazi kwa mwenye kuihesabu gharama, kwa kuwa hasara yote ya uwongo ule ni papa kuogelea bure.

Walakini Panchatantra si kitabu cha huruma, na lazima hili lisemwe, kwa maana wengi hukisifu wasichokisoma. Kwa kauli ya kitabu chenyewe kilitungwa na mzee Vishnu Sharma kwa ajili ya wana watatu wa mfalme Amarashakti, wazito wa kufahamu, ambao aliahidi kuwafunza siasa kwa muda wa miezi sita. Nayo ni siasa kweli. Ndani ya kisa cha kima mna kisa kingine cha punda, ambacho Unguja kiliitwa cha punda wa dobi: punda ahadaiwa apelekwe kwa simba, anusurika kwa bahati, ahadaiwa tena, aliwa, na mwenye kumhadaa, bweha kule Bara Hindi na sungura huku kwetu, aula moyo na masikio, kisha amwambia simba kwamba mnyama huyu hakuwa nayo, maana angekuwa na masikio na moyo hangerudi mara ya pili. Watu hucheka hapa. Punda ndiye aliyelipa, na kicheko chetu ni sehemu ya malipo.

Mlango wa kwanza ni mkali zaidi. Bweha Damanaka awafitini marafiki wawili, simba na fahali, mpaka simba amwua fahali asiye na hatia, na katika Kisanskriti hadithi yaishia hapo: simba asikitika, bweha amliwaza, na mambo ya serikali yaendelea naye akiwa waziri. Ibn al-Muqaffa hakustahimili. Katika kitabu chake cha Kiarabu umo mlango mzima wa kumshtaki bweha huyo, aitwaye humo Dimna, wenye mashahidi na hoja na kadhi, hata bweha akahukumiwa akafa, na wanavyuoni wengi waamini kwamba mlango huo si wa Kihindi bali aliutunga yeye mwenyewe. Kwa ufundi wa hadithi nadhani alikosea, kwani ule ukimya wa Kisanskriti wauma zaidi. Lakini namwelewa. Alikuwa katibu wa wakubwa wenye mikono mizito, akajua mezani pao huamuliwa nini, akaona kwamba damu ya fahali imemwagika na hapana aliyeidai. Na yeye mwenyewe, alipouawa Basra akiwa bado si mzee, hakuandikiwa na mtu mlango wa kuwashtaki waliomwua.

Nimemweka mwisho yule ambaye Wahindu wenyewe wangemweka mwanzo, nami nimekawia kwa sababu sijapata kusikilizana naye. Mfalme Harishchandra alikuwa hasemi uwongo wala havunji ahadi. Mtawa Vishwamitra akamtega, akapewa ufalme wote kuwa sadaka, kisha akadai na ada yake juu ya sadaka. Na mfalme, ambaye hakubakiwa na kitu isipokuwa mke na mtoto na mwili wake, akaenda Kashi, mji ambao leo ni Varanasi, akamwuza mke sokoni pamoja na mwanawe mdogo, kisha akajiuza mwenyewe kwa mtu wa tabaka la chini kabisa, awe mlinzi wa mahali pa kuchomea maiti na kutoza ada. Mtoto akaumwa na nyoka akafa. Mama akamleta usiku kumchoma, hana hata peni, na mlinzi aliyekuwa mumewe akataka ada, kwa sababu ada si mali yake bali ni ya bwana wake. Wasimulizi wa mitaani husema kwamba aliipasua nguo aliyoivaa, atoe nusu iwe malipo. Hapo ndipo miungu iliposhuka, mtoto akafufuliwa, ufalme ukarudishwa.

Mohandas Gandhi alimwona Harishchandra utotoni katika mchezo wa kuigiza, na ameeleza mwenyewe jinsi alivyouigiza tena peke yake mara zisizo idadi na kulia kwa ajili yake, akijiuliza kwa nini watu wote wasiwe wakweli kama mfalme yule. Namwamini, na yaliyotoka katika machozi yale ulimwengu umeyaona. Lakini mimi nikiisoma hadithi hii humtazama mwanamke. Ahadi haikuwa yake. Hakuulizwa ufalme ulipotolewa, wala mnada ulipopigwa. Na majina yake yatofautiana, katika Purana, vitabu vya kale vya Wahindu, ni Shaivya na katika midomo ya watu ni Taramati. Dadasaheb Phalke alipoitengeneza filamu ya kwanza ndefu ya Bara Hindi, ikaonyeshwa Bombay tarehe 3 Mei 1913, hakuchagua kisa kingine ila hiki cha Harishchandra, na alipomtafuta mwanamke wa kuwa Taramati hakumpata, kwa kuwa siku zile hapakuwa na mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera. Basi akamtoa mwanamume jikoni mwa mkahawa, akamvika nguo za kike, na huyo ndiye watu waliyemwona akilia juu ya maiti ya mtoto.

Kando ya mto Ganga, katika Varanasi, ziko ngazi zinazoitwa kwa jina la mfalme yule, na maiti huchomwa hapo usiku na mchana. Kuni hupimwa kwa mizani. Moto hauletwi na wenye msiba kutoka kwao, bali huchukuliwa kwa watu wa ukoo wa Dom, walinzi wa mahali hapo tangu zamani, ambao ndio walio na haki ya kuutoa. Na kabla haujatolewa, mwenye maiti husimama, akatia mkono mfukoni, akalipa.